Misimbo ya diski za mgongo: jedwali lililonipotezea muda na ngazi iliyoniokoa

Kazi yangu ni kusoma mafaili ya wagonjwa na kuupa kila ugonjwa msimbo wake ili dai la malipo lipite. Dada mmoja aliyenitangulia kazini aliniambia hivi wiki yangu ya kwanza: "Ukijua kutofautisha diski iliyotuna na diski iliyochomoza, misimbo ya mgongo umeimaliza." Nilimwamini kabisa. Ushauri huo ulinilia karibu mwezi mzima, na mpaka leo unanikera kwa sababu bado nasikia wanaoanza wakipewa huo huo.

Nilikusanya ripoti za picha za MRI nikaanza kuchora jedwali. Kwa daktari wa radiolojia tofauti hiyo ipo, tena ina maana kubwa. Diski, yaani mto ulio kati ya pingili mbili za mgongo, ikitanuka nje ya ukingo wa pingili kwa zaidi ya robo ya mzunguko wake, ataandika kwamba imetuna. Ikitokeza upande mmoja tu, chini ya robo ya mzunguko, hiyo ni henia ya diski. Henia nayo ina aina zake: kuna iliyo pana kwenye shina na fupi mbele, kuna iliyochomoza hadi kichwa kikawa kipana kuliko shingo yake, na kuna ambayo kipande kimekatika kikabaki peke yake ndani ya mfereji. Kila aina niliipa mstari na rangi yake. Safu ya mwisho niliiacha wazi kwa ajili ya msimbo. Siku nilipoketi kuijaza, kila mstari wa diski ya kiuno isiyogusa neva ukaniletea jibu lile lile: M51.26. Mstari wa pili, M51.26. Wa tatu, M51.26. Nikafungua kitabu upya nikidhani nimekosea ukurasa.

Sikuwa nimekosea. Kwenye ICD-10 ya Marekani, orodha ya misimbo ya magonjwa ambayo ndiyo ninayofanyia kazi, imetuna au imechomoza, zote zinahesabiwa kuwa diski iliyohama. Kinachobadilisha msimbo ni mahali diski ilipo na kile ilichokigusa. Hayo mawili dada yule hakuyataja, na naelewa kwa nini. Alilelewa na ICD-9, toleo lililotangulia, ambako diski ya kiuno iliyohama ilikuwa 722.10 iwe L4-L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno) au L5-S1 (kati ya pingili ya tano na mfupa wa sakramu ulio chini yake). Mfumo ulibadilika 1 Oktoba 2015, lakini mazoea hayabadiliki kwa tarehe.

Nikatupa jedwali. Nikachukua karatasi ngumu, nikachora uti wa mgongo kama ngazi, kila kidato pingili, na kila nafasi kati ya vidato diski. Kwenye nafasi nikaandika msimbo wa diski iliyohama. Pingili za shingo huandikwa C, za kifua T: C2-C3 na C3-C4 zote M50.21. C4-C5 ni M50.221, C5-C6 ni M50.222, C6-C7 ni M50.223, halafu C7-T1 ni M50.23. Kifuani M51.24, pale kifua kinapokutana na kiuno M51.25, kiunoni M51.26, na L5-S1 peke yake M51.27. Hiyo ya mwisho niliizungushia wino mwekundu, maana wengi huihesabu kuwa kiuno wakaipa 26.

Raha ya ngazi hiyo ni kwamba ukiichora mara moja inakutosha. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ndiyo inayosema kilichoguswa: 2 ni kuhama tu, 1 ni mzizi wa neva umeathirika, 0 ni ugwe wa mgongo wenyewe, ile kamba kuu ya neva, 3 ni diski iliyochakaa. Kwa hiyo M51.26 yenye radikulopathi, yaani mzizi wa neva ulioathirika, inakuwa M51.16, na M50.222 inakuwa M50.122. Nilifurahi zaidi nilipogundua kwamba M51.07 haipo. Niliitafuta nikidhani kurasa zimerukwa, kisha nikakumbuka anatomia: kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na L1-L2. Chini huko L5-S1 hakuna ugwe wa kubanwa, kuna mizizi ya neva tu. Tangu siku hiyo nasoma misimbo hii kama ramani ya mwili, na sikariri tena.

Lakini ngazi hiyo hiyo iliniingiza kwenye kosa. Chini ya M50 kuna maelekezo kwamba diski za shingo zikiwa na tatizo kwenye nafasi zaidi ya moja, unaweka msimbo wa ile ya juu kabisa. Nikaona hiyo ni kanuni safi, nikaitumia mgongo mzima. Faili lenye diski zilizohama L4-L5 na L5-S1 nikalipa M51.26 peke yake. Kwa wiki kadhaa nilifanya hivyo bila wasiwasi, mpaka mkaguzi aliponirudishia rundo la mafaili na swali moja: maelekezo hayo umeyasoma wapi chini ya M51? Nikapekua. Hayapo. Ni ya shingo tu. Kiuno na L5-S1 ni maeneo mawili, kila moja linapewa msimbo wake: M51.26 na M51.27. Nilirudia mafaili yote mwenyewe, jioni mbili, na nashukuru mkaguzi yule aliuliza badala ya kunirekebishia kimya kimya.

Kuna ushauri mwingine naupinga kwa nguvu zote, ule wa "ongeza na msimbo wa siyatika, dai lipite vizuri." Siyatika, maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, ikitokana na diski tayari imo ndani ya M51.16 au M51.17. Ukibandika M54.3 (siyatika) au M54.1 (radikulopathi) pembeni, umeweka vitu viwili ambavyo kitabu kinakataza visikae pamoja, na dai linarudi. Maumivu ya kiuno ya M54.5 nayo ni hivyo hivyo yakiwa yametokana na diski iliyohama.

Wala usijipe udaktari. Nilipata ripoti iliyosema diski ya L5-S1 imegusa mzizi wa S1, na daktari anayemtibu mgonjwa ameandika tu "maumivu yanashuka mguuni." Mkono ulikuwa unanivuta kuandika M51.17. Kugusa kwenye picha si sawa na radikulopathi kwenye utambuzi wa daktari. Nikamwandikia nikimuuliza maumivu ya mguu yanatokana na nini kwa maoni yake, bila kumtajia jibu ninalolitaka. Alijibu kesho yake kwa mstari mmoja: radikulopathi kutokana na diski. Hapo ndipo nikaandika M51.17 kwa moyo mweupe. Angejibu "huenda," na mgonjwa ni wa nje, nisingeiandika, kwa sababu kwa wagonjwa wa nje "huenda" na "inashukiwa" haziwekewi msimbo wa ugonjwa.

Diski iliyopasuka kwa ajali iliyotokea sasa haikai kwenye ngazi yangu kabisa. Inakwenda kwenye majeraha: S13.0 shingo, S23.0 kifua, S33.0 kiuno, na herufi ya saba lazima, kama S33.0XXA mgonjwa akiwa bado kwenye matibabu hai. Hizo X mbili msiziruke.

Karatasi yangu imefutwa na kuandikwa upya mara kadhaa. Zile tarakimu za sita za shingo ziliingia 1 Oktoba 2016, na walioendelea kuandika M50.22 bila kitu mbele walirudishiwa madai. Tangu 1 Oktoba 2024 diski ya kiuno iliyochakaa, M51.36, nayo inataka tarakimu ya sita: 0 kwa maumivu ya mgongo peke yake, 1 kwa ya mguu peke yake, 2 kwa yote mawili, 9 yasipotajwa. M51.37 imefuata njia hiyo hiyo. M51.26 haikuguswa. Kila Septemba nabandua karatasi ukutani, naipitisha mstari kwa mstari kwenye toleo jipya, kisha naibandika tena kabla ya Oktoba kuanza.