Plasta ya estrojeni kwenye joto la Mtwara

Ovari zangu hazifanyi kazi, yaani hazitoi estrojeni, homoni ya kike. Badala yake nabandika kwenye ngozi plasta ya estradioli (aina ya estrojeni) ya maikrogramu 100, inayobadilishwa Jumatatu na Alhamisi. Hapa Mikindani kubandika siyo kazi, kazi ni ikae.

Mwanzoni nilikuwa najipaka mafuta ya nazi baada ya kuoga, ndipo nabandika. Jasho la Februari likija, kona zinajikunja kama manda ya sambusa; jioni naikuta imegandia kwenye kanga. Siku hizi naoga usiku, najikausha, nakaa mbele ya feni mpaka mwili upoe. Nabandika juu ya tako, chini ya mkanda wa sketi, na kukandamiza kwa kiganja nikihesabu mpaka 15. Mara hii kulia, mara ijayo kushoto, ngozi isiwashe. Kwenye titi hairuhusiwi kabisa. Mafuta ya nazi yamebaki na kazi moja: kutoa ulimbo mweusi ulioachwa na plasta ya zamani. Ikibanduka mapema naweka mpya, lakini siku ya kubadilisha haihami.

Mwenye mji wa mimba hatumii estrojeni peke yake, maana utando wa ndani hunenepa na mwisho wake unaweza kuwa kansa. Kwa hiyo tarehe 1 hadi 12 nameza projesteroni, homoni inayozuia utando huo kunenepa, miligramu 200 wakati wa kulala. Usiinywe asubuhi ukapanda bodaboda, inalewesha usingizi. Damu hufuata baada ya siku chache. Niliwahi kuiruka miezi miwili kwa kuchoshwa na pedi; nikaishia kutoka matone ovyo ovyo.

Msichana ambaye hajavunja ungo asiige dozi hii. Huanza na miligramu 0.25 hadi 0.5 ya vidonge kwa siku, ikipanda kila miezi 6 hivi kwa miaka 2 au 3. Akiharakishwa, mifupa hufunga kabla hajamaliza kurefuka.

Plasta zikikosekana, duka la dawa litakupa vidonge vya majira. Angalia pakiti: vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu, wiki nzima mifupa inakaa bila homoni inayoilinda.

Mzigo wangu wa plasta unatoka Dar kwa basi, nao naomba ukae ndani na abiria, siyo kwenye buti, kwa sababu ya joto. Naagiza zikibaki 8, yaani za wiki 4. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara, kilichoniokoa ni vidonge vya estradioli vya miligramu 2, viwili kwa siku, ambavyo daktari alishaniandikia kama akiba.