Siku moja maishani mwangu: kutuma andiko, na chuchu moja isiyoonekana

Saa 11:00 alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani inanikuta niko macho. Chai ya rangi inachemka, kompyuta mpakato iko juu ya meza ya chakula, nami nasoma ikisiri, yaani muhtasari wa andiko letu la utafiti, kwa sauti ya chini ili watoto wasiamke. Sentensi mbovu macho huiruka, sikio huidaka.

Leo nimepanga kuwasilisha andiko letu kwa jarida moja la sayansi ya mifugo. Ni utafiti wa ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa mabandani pembezoni mwa Dar es Salaam: Chamazi, Chanika, Kigamboni, hadi Goba. Hatukuufuata ule unaoonekana, wa kiwele kuvimba na maziwa kutoka mabonge, maana huo mfugaji anaujua na daktari anamwita mwenyewe. Tuliufuata uliojificha. Ng'ombe anakula vizuri, kiwele kimetulia, maziwa meupe kama siku zote, ila yanapungua kidogo kidogo na mfugaji analaumu pumba. Atabadilisha pumba mara tatu kabla hajafikiria mikono ya mkamuaji inayotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali andiko hili lilale kwenye kompyuta yangu mwezi mwingine.

Ikisiri ina maneno 263. Jarida linataka yasizidi 250. Naondoa kumi na matatu, na nakiri imekuwa nzuri zaidi.

Saa 12:20 asubuhi

Daladala imejaa tangu Rangi Tatu. Nimesimama, begi kifuani, nikipanga kichwani mambo yaliyobaki. Konda anapoanza kuita "Vetenari! Vetenari!" huwa najisikia kuitwa mimi. Mji mkubwa namna hii, na kituo kimoja kimebeba jina la kazi yetu.

Saa 2:00 asubuhi

Nachapisha andiko zima kwenye karatasi, kurasa 31, mistari ikiwa na namba pembeni kama jarida linavyotaka ili mhakiki, yaani mtaalamu anayelipima andiko kabla halijachapishwa, aweze kusema "mstari wa 212" bila kutafuta maneno. Kando naweka orodha ya STROBE-Vet, mwongozo wa mwaka 2016 wa namna ya kuripoti tafiti za uchunguzi kwa wanyama. Majarida mengi ya mifugo siku hizi yanaiomba. Wapo wanaoijaza dakika za mwisho, wakiweka namba za kurasa tu. Mimi naanza nayo, kwa sababu inauliza maswali ambayo mhakiki mkali angeuliza: ng'ombe uliwapataje? Wangapi waliachwa, na kwa nini? Mfugaji aliyekataa umemweka wapi?

Majina ya bakteria nayapitia kwa kalamu. Staphylococcus aureus kwa kirefu mara ya kwanza, baadaye S. aureus, na herufi za mlazo kila mahali. Kazi ya kuchosha macho, lakini haina fumbo.

Saa 3:10 asubuhi

Hapa ndipo asubuhi yangu ilipoishia.

Kwanza nieleze kipimo, maana bila hicho kilichotokea hakitaeleweka. Kinaitwa Kipimo cha California, na Schalm na Noorlander ndio waliokitangaza mwaka 1957. Unakamua maziwa kidogo ya kila chuchu kwenye kibao chenye vikombe vinne, unaongeza dawa ya jamii ya sabuni, unazungusha polepole. Sabuni inapasua seli za kinga zilizomo kwenye maziwa, vinasaba vya ndani vinamwagika, na maziwa yanageuka uteute. Kadiri seli zilivyo nyingi ndivyo uteute unavyokuwa mzito, nawe unaandika: 0, dalili, 1, 2 au 3. Hakihitaji umeme wala darubini. Nimekifanya nimechuchumaa kwenye matope ya Chanika nikiwa na tochi ya simu mdomoni, na kimenipa jibu.

Ng'ombe ana chuchu nne. Kwa hiyo idadi ya ng'ombe mara nne, ukitoa chuchu zilizokufa ambazo hazitoi maziwa, lazima iwe sawa na idadi ya chuchu tulizopima. Hesabu ya darasa la tatu. Chuchu zilizokufa nilikuwa nimezihesabu kwenye daftari la shambani, na chuchu zilizopimwa zimetoka kwenye kompyuta. Natoa, najumlisha, narudia. Jedwali la pili limezidi chuchu moja.

Moja. Ningeweza kubadilisha namba kwenye sentensi na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lakini kama hesabu ya viungo vya mnyama ninayeweza kumshika kwa mkono hainipi jibu, nitamwambiaje msomaji wa Uingereza au wa Kenya aamini zile hesabu kubwa ambazo hawezi kuziona?

Naomba boksi la fomu tulizojaza mabandani. Mwanafunzi wetu wa mazoezi ananisaidia kuzipanga juu ya meza mbili, banda kwa banda. Tunasoma kwa zamu, yeye fomu, mimi kompyuta. Karibu saa mbili nzima tunaitikiana namba za hereni za ng'ombe na majibu ya chuchu: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto.

Tukaipata kwenye fomu ya Chamazi. Ng'ombe anaitwa Zawadi. Kwenye sehemu ya chuchu ya nyuma kushoto imeandikwa 0, na pembeni kwa penseli iliyofifia, "haitoi". Sifuri ile ilimaanisha hakuna maziwa. Kompyuta ikaisoma kama 0 ya kipimo, yaani chuchu nzima isiyo na tatizo. Chuchu iliyouawa na ugonjwa wenyewe tunaoutafuta ilikuwa imehesabiwa miongoni mwa zilizo salama.

Mwandiko ni wangu. Naukumbuka hata mchana ule, mvua ilikuwa inaanza na nilikuwa naharakisha.

Ikabidi turudi mwanzo kukagua kila sifuri, kwa sababu kosa la namna hii likitokea mara moja huna haki ya kudhani halikujirudia. Halikujirudia. Lakini sasa nalijua hilo, silidhani.

Saa 5:40 asubuhi

Nampigia mwenye ng'ombe, maana penseli iliyofifia ni ushahidi dhaifu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Daktari wetu huyo! Umetupotea."

Namuuliza habari za nyumbani, za wajukuu, za banda. Ndipo naulizia Zawadi na chuchu yake ya nyuma kushoto.

"Ile ilikufa kwenye uzao wa pili. Ilivimba, tukaichoma dawa, ikapona uvimbe lakini maziwa hayakurudi tena. Nilikwambia siku ile, ukaandika."

Niliandika, mama. Namweleza kwamba niliandika vibaya na leo ndiyo nasahihisha. Ananyamaza kidogo, kisha anauliza lile swali ambalo wafugaji karibu wote wametuuliza: "Sasa hiyo karatasi yenu ikishatoka, sisi inatufikiaje?"

Jarida litatoka kwa Kiingereza. Namwambia Jumamosi naenda Chamazi mwenyewe, na afisa mifugo wa kata atakuwepo, tutakaa na wafugaji wote waliotupa maziwa yao. Nampa na lile la haraka, ambalo halingoji jarida: ng'ombe wazima wakamuliwe kwanza, wenye historia ya kiwele wawe wa mwisho, na kila chuchu ichovywe kwenye dawa ya ayodini mara tu baada ya kukamua, kwa kuwa tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda baada ya maziwa kutoka. Na ng'ombe apewe majani wakati huo ili asimame, asilale kwenye uchafu tundu likiwa wazi.

"Haya mwanangu. Hilo la majani nimelishika."

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie wa nje ya geti, na tembele. Dakika kumi na tano.

Saa 7:30 mchana

Narekebisha faili na kuendesha uchambuzi upya wote, tangu mstari wa kwanza. Hapa nawashukuru walionifundisha kuandika amri za uchambuzi kwenye faili badala ya kubofya huku na huku. Ningekuwa nimebofya, siku ingekwisha hapo.

Kuna jambo moja kwenye uchambuzi huu ambalo nimelipigania tangu mwanzo. Chuchu nne za ng'ombe mmoja si mashahidi wanne waliotoka mitaa tofauti. Zinakula chakula kimoja, zinakamuliwa na mkono mmoja, zinalala sakafu moja. Ukizihesabu kama vile hazijuani, utajidanganya kwamba una ushahidi mwingi kuliko ulio nao. Ndiyo maana tulitumia modeli inayotambua kwamba chuchu ziko ndani ya ng'ombe, na ng'ombe wako ndani ya banda. Majibu yake yana mashaka mapana zaidi na hayapendezi sana kwenye jedwali. Ndiyo hali halisi ya mabandani.

Matokeo yanatoka. Tofauti imeonekana kwenye desimali tu, hitimisho liko palepale. Lakini namba zimebadilika kwenye ikisiri, matokeo, jedwali la pili, jedwali la nne na kielelezo cha kwanza. Umeme unakatika katikati ya kuchora kielelezo, betri inanibeba hadi unaporudi. Nakihifadhi upya kwa nukta 300 kwa inchi, faili la peke yake, kama jarida linavyodai.

Saa 9:45 alasiri

Nampigia Profesa, yuko Morogoro. Namweleza kosa, jinsi lilivyopatikana, kilichobadilika. Nilitegemea aniulize kwa nini halikuonekana mapema. Akasema, "Liandike kwenye kumbukumbu za uchambuzi na tarehe. Kisha watumie waandishi wote toleo jipya, wasome upya. Walikubali lile, hawajalikubali hili."

Yuko sahihi, na linanifikisha kwenye jambo lililo moyoni mwangu. Fundi sanifu wetu wa maabara, kaka mmoja mtulivu sana, ndiye aliyeotesha kila sampuli kwenye agari ya damu na ya MacConkey, vyakula vya kuoteshea bakteria, akasoma sahani baada ya saa 24 na tena baada ya 48, Jumapili zikiwemo. Katika rasimu ya kwanza jina lake lilikuwa kwenye shukrani. Desturi hiyo ni ya kawaida mno, na naiona ni dhuluma.

Vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni vinne: uwe umechangia kwa uzito kwenye kubuni kazi, kupata takwimu au kuzichambua, uwe umeandika au kulihakiki andiko, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi yote. Watu husema fundi hafikii kigezo cha pili. Hawezi kukifikia kama hapewi andiko alisome! Mwongozo huohuo unasema aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki hivyo vingine. Tulimpa wiki tatu zilizopita. Akarudi na masahihisho ya sehemu ya maabara ambayo mimi na Profesa tusingeyaona. Leo ni mwandishi wa tatu, na alistahili tangu sampuli ya kwanza.

Namkuta maabara. Anasoma toleo jipya amesimama, glavu mfukoni. Anafika kwenye jedwali la pili, anatoa simu, anapiga hesabu. "Sasa inakaa," anasema.

Saa 11:30 jioni

Wengi wameondoka. Naandika barua kwa mhariri, ukurasa mmoja: tumeuliza nini, tumepata nini, kwa nini wasomaji wa jarida lake wanahusika, na kwamba andiko halijachapishwa wala halijatumwa kwingine. Sirudii ikisiri. Mhariri ataisoma ikisiri.

Natayarisha pia faili la takwimu litakaloambatana na andiko. Nafuta majina ya wafugaji, namba za simu na alama za mahali banda lilipo. Banda la Goba lenye ng'ombe wawili wa rangi fulani majirani wote wanalijua, kwa hiyo nafuta rangi pia. Walituruhusu kupima maziwa, hawakuturuhusu kuwaanika.

Halafu ada ya kuchapisha. Tangu Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania kwenda kipato cha kati cha chini, wachapishaji kadhaa hutupa punguzo badala ya msamaha kamili. Nchi imepanda daraja, bajeti ya mradi haikupanda nayo. Jarida hili linataka ombi liwasilishwe pamoja na andiko, kwa hiyo naliandika sasa, bila kubembeleza, nikieleza chanzo cha fedha na kiasi kilichobaki.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Waandishi wote wamejibu kwa maandishi kwamba wamekubali. Napakia faili moja moja: ukurasa wa majina peke yake, kwa kuwa wahakiki hawatakiwi kutujua, andiko, majedwali, vielelezo, STROBE-Vet, namba za vibali vya utafiti na maadili. Mfumo unatengeneza PDF. Naisoma yote, kwa sababu ni hii watakayoiona wao. Ukurasa wa 19, alama ya "kubwa kuliko au sawa na" imegeuka kisanduku kitupu. Narudi, nasahihisha, nasubiri tena.

Saa 4:25 nabonyeza kuwasilisha. Dakika mbili baadaye namba ya andiko inaingia kwenye barua pepe. Namtumia Profesa, kisha kaka wa maabara. Anajibu kwa neno moja, "Alhamdulillah."

Kabla ya kulala natoa fomu ya Zawadi kwenye begi. Nilikuja nayo nyumbani, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Naandika kwa kalamu nyekundu kando ya ile penseli: "Nyuma kushoto haitoi maziwa. Imethibitishwa na mfugaji kwa simu." Naweka tarehe na sahihi, naiingiza kwenye bahasha ili kesho irudi kwenye boksi, kati ya fomu ya kabla yake na ya baada yake.