Subaru la chini kwenye theluji ya Minneapolis

Gari lilinasa hatua kumi tu kutoka mlangoni. Ilikuwa Februari 2019. Usiku magari ya kusukuma theluji yalipita na kuacha tuta la kufika gotini kwenye mdomo wa kichochoro chetu. Nikajisemea, hili ni Subaru, magurudumu yote manne yanavuta, litapasua. Likapanda, kisha likakaa. Tumbo juu ya tuta, magurudumu yanazunguka kama feni, gari halisogei hata inchi. Shemeji, ambaye ndiye aliyenipokea nilipotoka Dar, akatoka na kikombe chake cha chai, akalizunguka mara moja.

"Shemeji, hili ni gari au beleshi?"

Tulichimba dakika arobaini, yeye akicheka muda wote.

Nimekulia karibu na Gerezani, Dar, na kule Subaru iliyoshushwa ndiyo ndoto ya kila kijana mwenye masikio. Kwa hiyo kiangazi cha 2018 nilipopata Impreza ya 2010 kwa bei ya kuungaunga, jambo la kwanza lilikuwa kuifunga springi fupi. Ikashuka sentimita 5. Nikavisha rimu za inchi 17 na tairi 225/45, yaani upana milimita 225 na ukuta asilimia 45 ya upana huo. Nilipopima kwa futi, kutoka lami hadi tumboni zilibaki sentimita 10 na ushee. Nikapiga picha, nikatuma nyumbani. Theluji sikuifikiria kabisa.

Watu walikuwa wakinionya kuhusu kuteleza. Kuteleza hakukunisumbua sana, ukiacha breki, maana magurudumu manne yanayovuta husaidia kuondoka, si kusimama. Kilichonitesa ni uzito. Tairi hung'ang'ania chini kwa sababu gari linaikandamiza. Theluji ikishabeba tumbo, tairi imebaki inapapasa hewa, na hapo hata uwe na magurudumu kumi yanayovuta ni bure. Vichochoro vya Minneapolis ndivyo vibaya zaidi. Magari yanachimba mitaro miwili, mitaro inaganda, na katikati linabaki jongoo gumu la barafu. Mwenye gari la juu hata halioni. Mimi lilining'olea plastiki ya kukinga injini mara mbili. Baadaye nikajifunza kutofuata mitaro: gurudumu moja juu ya jongoo, jingine pembeni, gari limeinama kama mtu mwenye mguu mbovu, lakini linapita.

Majira hayo ya kwanza ya baridi yalikuwa ya kumkaribisha mgeni kwa kofi. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo ulifanya iwe kama 48 chini. Hata posta ilisitisha kugawa barua. Mimi nilikuwa na zamu, nikatoka. Mafuta ndani ya shokapu yalikuwa mazito kama asali, gari linaruka kama mkokoteni wa Kariakoo, na tairi zilikuwa zimeganda na ubapa pale zilipokanyaga usiku kucha. Kwa kilomita mbili tatu za kwanza nilisikia gup, gup, gup nikadhani nati zimelegea. Taa ya upepo wa tairi nayo ikawaka, kwa sababu hewa ikipoa presha hushuka. Halafu ndiyo ikaja Februari yenyewe, theluji ya karibu mita moja kwa mwezi mmoja, rekodi ya Februari kwa jiji hili.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: theluji hujikusanya ndani ya tao la gurudumu. Kwa gari la kawaida kuna nafasi, itadondoka yenyewe. Kwangu nafasi ilikuwa ya vidole viwili. Usiku ikaganda ikawa jiwe, asubuhi nakata kona tairi inasaga barafu na usukani unagoma njiani. Nikaipiga kwa spana. Kwenye baridi ile, plastiki ya tao huvunjika kama biskuti, na ndicho kilichotokea. Sasa naitoa jioni ileile, ikiwa bado laini, kwa kisigino cha buti.

Shemeji alitaka niuze. Mke wangu pia, ila yeye alisema kwa upole zaidi. Sikuuza. Majira ya pili nilitoa zile springi nikafunga koiliova, yaani shokapu zenye nyuzi kama bolti na pete ambayo ukiizungusha gari linapanda au kushuka. Novemba nalipandisha sentimita 4. Linaonekana kama gari la padri, sikatai. Zile rimu zangu za inchi 16 zilizokuja na gari nikazitoa stoo, nikavalisha tairi za baridi 205/55. Mzunguko wake karibu unalingana na wa zile za 17, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi. Zenyewe ni nyembamba, zinakata theluji badala ya kuipanda, na ukuta wake ni mrefu, unameza mashimo. Raba yake hubaki laini hata joto likishuka kupita nyuzi 7 juu ya sifuri, wakati ile ya kiangazi inakuwa ngumu kama ndoo. Tafuteni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Tairi za misumari haziruhusiwi kwetu Minnesota, kwa hiyo raba ndiyo kila kitu.

Kila nikibadilisha urefu napeleka gari kupima alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu. Mwaka mmoja nilibana matumizi nikaacha, tairi mbili za mbele zikaliwa upande wa ndani hadi waya. Gharama ya tairi hizo ingelipa alaimenti za miaka kadhaa.

Adui mkubwa kuliko theluji ni chumvi. Wanaimwaga barabarani kuyeyusha barafu, inapanda hadi kwenye nyuzi za koiliova, na pete inashikana na chuma kama vile imechomelewa. Nilijaribu kuzifunga kwa plastiki, kosa kubwa, maana maji ya chumvi yaliingia yakakaa humohumo. Sasa nasugua kwa brashi ya waya, nakausha, kisha napaka grisi nzito ya lanolini, ile inayotokana na sufu ya kondoo. Gari naliosha tumboni kila hali ya hewa ikikaribia sifuri. Usioshe kwenye nyuzi 20 chini: utafika nyumbani milango haifunguki, utokee kwenye buti mbele ya majirani.

Majira ya 2022 hadi 2023 yalishusha karibu sentimita 229, ya tatu kwa wingi katika rekodi za jiji. Nilinasa mara moja tu, na nilikuwa na beleshi garini. Ila niseme ukweli, siku nne au tano niliangalia kichochoro, nikarudisha funguo mezani, nikapanda treni.

Kushusha sifanyi kabla ya Aprili kuisha. Wenyeji walinisimulia dhoruba ya katikati ya Aprili 2018 iliyoleta sentimita 40, na hata isiporudi, huo ndio wakati lami inafumuka, maji yakiganda na kuyeyuka kwenye nyufa. Rimu moja ya inchi 17 nilishaipinda kwenye shimo nililodhani ni dimbwi.

Mwaka huu pete tatu zilizunguka kwa mkono. Ya nyuma kushoto iligoma. Nikaimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo, gari likiwa juu ya jeki, shemeji akipita kwenda kazini na kuuliza kama mgonjwa ameamka. Siku ya nne ikatoa mlio, ikazunguka robo.

"Kaamka," nikamwambia.