Mumbai hadi Chennai ukiwa na mgonjwa

Tangu nimpeleke baba Chennai kutibiwa moyo, hapa Mwanga, Kigoma, kila mwenye mgonjwa ananijia na swali lile lile: kutoka Mumbai hadi Chennai ni mbali? Tiketi ya Dar hadi Mumbai wanaielewa. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachowatia hofu.

Kwa anga ni kilomita 1,030 hivi, unaikata India kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki. Sisi wa Kigoma umbali huo tunaujua: hapa hadi Dar kwa ndege ni kama kilomita 1,080. Hata reli zinakaribiana. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina kilomita 1,250 hivi, na ya Mumbai hadi Chennai nayo inazidi 1,200. Treni ya kule inachukua karibu siku nzima. Mgonjwa wa moyo usimpandishe.

Tiketi ya ndege itakuandikia kama saa mbili. Angani penyewe ni pungufu, kwa sababu muda huo unahesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa tena. Mumbai ina njia mbili za kurukia zinazokatana, hivyo kwa kawaida hutumika moja kwa wakati mmoja, na ndege zinapanga foleni. Baba alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, tumeshapaa?" nasi bado tuko chini.

Lakini jamani, msipange safari kwa hizo saa mbili! Ukitoka nje ya nchi ukatua Mumbai, uhamiaji unapita hapo hapo hata kama unaendelea mbele. Unachukua mizigo, unapita forodha, ndipo unaikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Acheni saa nne katikati. Mimi kwa mgonjwa ningeacha sita. Kiti cha magurudumu kiombeni siku ya kukata tiketi, msingoje kufika uwanjani. Bila kiti kile baba asingeweza foleni ya uhamiaji, hilo nalisema kwa uhakika. Dawa na majibu ya vipimo vikae kwenye begi la mkononi.

Na kama mfuko unaruhusu, laleni Dar kwanza. Kutoka Dar hadi Mumbai ni zaidi ya kilomita 4,600, na mzee ameshachoka na safari ya kutoka huku.

Jambo ambalo watu hawaniulizi kabisa ni saa za dawa. India nzima saa ni ile ile, na imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Tiketi ikisema 14:30, kule ni saa nane na nusu mchana, Kigoma ni saa sita. Kidonge ambacho baba humeza saa moja usiku nyumbani, kule kinaangukia saa tatu na nusu usiku. Muulizeni daktari wenu kabla hamjaondoka. Sisi tuliambiwa tufuate saa ya nyumbani mpaka madaktari wa kule wampokee, nikaiacha simu yangu kwenye saa ya Kigoma.