Jinsi nilivyotatua AC iliyopuliza joto

Wiki tatu gari langu lilipuliza hewa ya moto hata nikizungusha swichi hadi mwisho wa baridi. Kwa joto la Dar, foleni ya jioni ilikuwa mateso matupu. Fundi wa kwanza alitaka kujaza gesi. Nikakataa, maana nilifungua boneti injini ikiwaka, nikashika bomba nene la AC: baridi, linatoa jasho kama chupa ya soda. Gesi ipo, basi hewa inapashwa moto mbele ya safari.

Nikazima redio, nikazungusha swichi taratibu. Nyuma ya dashibodi, upande wa abiria: tak-tak-tak. Ni ile mota ndogo inayosogeza kibao cha kuchanganya hewa ya moto na ya baridi. Nikatoa droo, nikafungua skrubu tatu. Gia yake ya plastiki ilikuwa imevunjika meno mawili, kibao kimebaki upande wa hita.

Nikanunua mota ya mtumba Ilala. Kabla ya kuifunga nilisukuma kibao kwa kidole. Kikiwa kigumu, mota mpya nayo itakufa. Kilisogea vizuri. Nikafunga, nikawasha. Ubaridi ukanipiga usoni.