DNA ya herpesi: kliki haioni kilichomo ndani ya ganda

Kemia ya kliki (mbinu ya kuunganisha molekuli mbili, hapa moja yenye alkaini na nyingine yenye azidi, kwa msaada wa shaba), iliyowapa Bertozzi, Meldal na Sharpless Tuzo ya Nobeli mwaka 2022, inapendwa na wanaochunguza virusi kwa sababu kundi la alkaini ni dogo mno. Kimeng'enya kinachonakili DNA ya herpesi (HSV-1) huipokea EdC, yaani deoksisitidini (kijenzi cha DNA) iliyobandikwa alkaini, kana kwamba ni deoksisitidini ya kawaida. Virusi vilivyokuzwa hivyo husafishwa, kisha vinaambukizwa seli ambazo hazijapewa EdC. Usafishaji usifanywe kwa pupa: EdC iliyobaki huingia kwenye DNA ya seli zinazogawanyika, na kiini kizima kinawaka badala ya vidoadoa vya genomu za virusi.

Seli zikishashikizwa kwa formaldehidi asilimia 3.7 kwa dakika 15 na kutobolewa kwa sabuni ya Triton asilimia 0.5, andaa mililita 1 ya mchanganyiko wa kliki hivi: maikrolita 785 za bafa ya Tris milimola 100, pH 8.5; 10 za salfeti ya shaba milimola 100; 5 za rangi yenye azidi milimola 1; na mwishoni 200 za sodiamu askobeti milimola 500. Mimina papo hapo, acha gizani dakika 30, osha.

Mambo yakiharibika, mshukiwa wa kwanza ni askobeti. Itengeneze siku hiyohiyo. Ikishageuka njano, itupe. Kazi yake ni kuigeuza shaba(II) kuwa shaba(I), na bila shaba(I) hakuna kinachoungana. Wa pili ni EDTA iliyosalia kwenye bafa, maana huikamata shaba yote. GFP (protini inayong'aa kijani) nayo hufifia mbele ya shaba, kwa hiyo itafute kwa kingamwili baada ya kliki. Faloidini, inayotumika kupaka aktini ya seli, pia haifai hapa.

Lakini kosa linalopotosha matokeo hasa ni la kusoma picha. Genomu iliyobanwa ndani ya ganda la protini la virusi haifikiwi na rangi. Saa moja baada ya maambukizi utaona maganda mengi yaliyopakwa kingamwili ya VP5 (protini kuu ya ganda) yakizunguka kiini, yasiyo na nukta ya kliki. Usiseme ni matupu! Nukta huonekana DNA ikishatoka, kwa kawaida ndani ya kiini. Kwa hiyo hesabu ya nukta ni hesabu ya genomu zilizofunguka, wala si ya virusi vilivyoingia. Na kila mara weka kisahani cha virusi visivyo na EdC, kikipitia kliki ileile. Nukta zikitokea hapo, ni rangi iliyoganda tu.