Oili ya Pikipiki: Kwa Nini Naimwaga Mwenyewe

Wengi wanaobadilisha oili ya pikipiki nyumbani husema wanafanya hivyo ili kuokoa fedha. Sababu yangu ni nyingine. Kumwaga oili ndiyo nafasi ya kawaida anayoipata mwenye pikipiki kuona hali ya ndani ya injini bila kuifungua, na nafasi hiyo hupotea oili inapomwagwa na mtu mwingine ndani ya karai lenye mabaki ya pikipiki nyingine, huku mwenye chombo ameketi pembeni akisubiri kuitwa. Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina sehemu mbili au tatu zinazotaka utulivu, na hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Kwanza oili yenyewe. Katika gari la kawaida la gia za mkono, injini ina oili yake, giaboksi ina yake, na klachi hukaa pakavu. Katika pikipiki nyingi za gia za mguu mambo hayo matatu yamekusanywa ndani ya kasha moja na kuhudumiwa na oili ileile: inalainisha pistoni na krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), inapita katikati ya meno ya gia, na sahani za klachi zimezama ndani yake. Meno ya gia huisaga oili na kuvunjavunja viongezeo vinavyotunza mnato wake, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya oili ya pikipiki ichoke mapema. Klachi nayo ina dai lake, kwa kuwa inahitaji msuguano ili ishike, ilhali oili nyingi za magari ya siku hizi zimewekewa viongezeo vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Ukiimimina oili ya namna hiyo kwenye pikipiki, klachi inaweza kuanza kuteleza: unaongeza moto, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki kwa kiasi kile.

Kwa hiyo ninaponunua oili sisomi jina la kampuni kwanza; naligeuza kopo na kutafuta alama ya JASO, yaani kiwango cha Kijapani kilichoanza kutumika mwaka 1998 kwa ajili ya injini za pikipiki. Alama ya MA au MA2 inafaa klachi iliyozama ndani ya oili, na MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Baada ya hapo naangalia mnato, kwa mfano 10W-40 au 20W-50. Namba inayotangulia herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na namba ya pili inaeleza mnato wake katika nyuzijoto 100. Kitabu cha mwongozo cha pikipiki hutaja mnato unaofaa, na sioni sababu ya kubishana nacho. Wapo wanaoweka oili nzito zaidi ili injini iliyochakaa ipunguze mlio. Mlio unaweza kweli kupungua, ila uchakavu unabaki palepale.

Oili humwagwa injini ikiwa na uvuguvugu. Dakika chache za kuiwasha zinatosha, kwa sababu oili yenye joto huwa nyepesi na hutoka pamoja na uchafu ulioelea ndani yake, ilhali iliyopoa huacha mashapo chini. Injini iliyotoka safari ndefu iachwe kwanza ipungue joto, kwani bomba la moshi liko karibu na mkono na oili ya moto huunguza. Naisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa mahali tambarare, nafungua kifuniko cha kujazia ili hewa iingie, naweka karai safi chini, kisha naitafuta boliti ya kumwagia. Neno ni kuitafuta kweli, kwa sababu chini ya injini huweza kuwa na zaidi ya boliti moja, na baadhi ya injini zina kifuniko kikubwa ambacho nyuma yake mna springi na chujio la wavu. Anayekifungua bila kukijua hushtuka springi inapodondoka ndani ya karai. Spana ya boksi ni bora kuliko spana ya mdomo wazi, ambayo huteleza na kula kona za boliti.

Oili inapotoka ndipo naacha kuharakisha. Weusi peke yake haunitishi. Oili nzuri ina sabuni ndani yake ya kubeba masizi, kwa hiyo iliyofanya kazi yake lazima ichafuke, na iliyotoka safi baada ya kilomita nyingi ndiyo ingenipa maswali. Kinachosema zaidi ni mambo mengine. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake: katika injini inayopozwa kwa maji huenda gasketi au sili imevujisha, na katika injini inayopozwa kwa hewa huenda ni unyevu uliojikusanya kwa sababu ya safari fupi ambazo hazikuipa injini muda wa kupata moto wa kutosha. Oili nyepesi kupita kiasi yenye harufu kali ya petroli, hasa ikiwa kipimo cha oili kilikuwa kimepanda bila mtu kuongeza kitu, mara nyingi humaanisha kuwa sindano ya kabureta haifungi vizuri na petroli inashuka hadi chini pikipiki ikiwa imeegeshwa. Hilo si jambo la kuahirisha.

Halafu kuna chuma. Baadhi ya boliti za kumwagia zina sumaku kwenye ncha, na ikiwa yangu haina, napitisha sumaku ndogo ndani ya karai. Uji laini wa kijivu unaopakika kidoleni kama unga ni uchakavu wa kawaida, na katika injini mpya huwa mwingi kwa sababu vyuma bado vinazoeana. Ndiyo maana watengenezaji huagiza oili ya kwanza imwagwe mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, vyenye kingo, ni habari tofauti kabisa. Hivyo huweza kutoka kwenye jino la gia au beringi, na hapo hatua inayofaa ni kumwonesha fundi vipande vyenyewe kabla injini haijawashwa tena. Visivyoshikwa na sumaku navyo vitazamwe, kwa kuwa alumini na shaba havivutwi.

Filta ya karatasi, kwa injini iliyo nayo, hubadilishwa wakati huohuo. La muhimu ni upande wa kuiingiza, kwani katika injini nyingi filta iliyogeuzwa huziba njia ya oili, na raba ya filta ya kopo, ile inayofungwa nje ya injini kwa kuzungushwa, ipakwe oili kidogo kabla ya kukazwa kwa mkono.

Kurudisha boliti ndiyo hatua ninayoiheshimu kuliko zote. Boliti ni ya chuma kigumu na kasha la injini ni la alumini, kwa hiyo nyuzi (mikato ambamo boliti huzungukia) zinazoliwa kwanza ni za kasha, yaani za sehemu ya gharama kubwa. Naweka washa mpya, yaani pete bapa ya kuzibia chini ya kichwa cha boliti, kwa sababu washa ya alumini au shaba huziba kwa kubonyea na ikishabonyea mara moja haiaminiki tena. Naizungusha boliti kwa vidole mpaka ifike mwisho, na ikikataa naitoa na kuanza upya badala ya kuilazimisha kwa spana. Kwa injini nyingi ndogo kiwango cha kukaza kiko kati ya nyutonimita 20 na 30, ambacho ni kidogo kuliko mkono wenye hamu unavyodhani.

Mwongozo huweza kutaja vipimo vitatu vya oili: cha kumwaga tu, cha kumwaga pamoja na kubadilisha filta, na cha injini iliyofunguliwa yote. Ninachofuata ni kimojawapo kati ya viwili vya kwanza, na hata hivyo simimini oili yote kwa mkupuo. Nabakiza kidogo kwenye kopo, nawasha injini dakika chache, natazama kama taa ya oili imezimika na kama boliti haivuji, nazima, nasubiri oili ishuke, kisha napima pikipiki ikiwa wima. Kwenye stendi ya ubavu kipimo hudanganya. Kijiti cha kupimia nacho kina masharti yake: katika injini nyingi huchomekwa bila kufungwa nyuzi zake, katika nyingine hufungwa kabisa, na tofauti hiyo peke yake inatosha kukupa jibu lisilo sahihi. Oili iliyozidi haina faida yoyote. Krankshafti huipiga mpaka ikatoa povu, na nyingine husukumwa kupitia njia ya kupumulia hadi kwenye kichujio cha hewa.

Oili ya zamani hubaki na masizi na kemikali zinazodhuru ngozi, hivyo glavu hazitoki mikononi mpaka nimalize. Wapo wanaoipaka kwenye mnyororo, nami sikubaliani nao, kwa kuwa chembe za chuma zilizomo huusaga mnyororo uleule wanaotaka kuulinda. Mtaroni na ardhini haimwagwi. Naichuja kwa faneli ndani ya kopo lililotoka oili mpya, nalifunga sawasawa, naandika juu yake kuwa ni oili chafu ili mtu asiichukulie kuwa nyingine, na kulipeleka kwa wanaokusanya oili iliyotumika. Humo sichanganyi petroli wala mafuta ya breki, kwani oili iliyochanganywa haichakatiki kirahisi na wakusanyaji huweza kuikataa.